Vijana wamemaliza kipaimara wakatawanyika: kundi la mtandaoni tulijengeje ili liwakuze kiimani?

Mlezi_Vijana

Bwana Yesu asifiwe, watumishi.

Ninalea vijana katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) mjini. Kundi letu la WhatsApp lina vijana 180, wa miaka 15 hadi 28. Wengi wamepata kipaimara hapa hapa usharikani kisha wakatawanyika: wako vyuoni Dodoma, Iringa na Mbeya, wako sekondari za bweni, wako kwenye bodaboda, saluni na maduka ya vipuri, na watatu wanafanya kazi Dubai. Jumapili tunawaona 40 tu.

Lengo lilikuwa waendelee kukua katika Neno hata wakiwa mbali. Kilichopo sasa ni neno la asubuhi kutoka kwa watu watatu tofauti kila siku, "Amina" nne au tano, picha za maua, matangazo ya viatu, kadi za michango ya harusi, na zile jumbe za "tuma kwa watu 10 kabla ya saa 6 usiku". Baraza la wazee limekubali tuanze upya mwezi ujao.

Naomba mwongozo: watu tuwagawanyeje, tusome nini na kwa mwendo gani, tuwalindeje walio chini ya miaka 18, na tufanyeje kuhusu wasio na bando au wenye vitochi (simu ndogo zisizo na WhatsApp).

---

Mjoli

Amina, mtumishi. Anza na mgawanyo, kwa sababu hayo mengine yote yanasimama juu yake.

Mbele ya watu 180 hakuna kijana atakayeandika "hapa sijaelewa" au "wiki hii nimeshindwa kuomba". Ataandika Amina, maana Amina haimgharimu kitu. Akinyamaza mwezi mzima hakuna atakayegundua. Kijana anakua kiimani pale anapojulikana kwa jina na pale asipoonekana akaulizwa yuko wapi. Kwa hiyo jenga vikundi vya watu 8 hadi 10. Wakizidi 12 wanaanza kujificha tena. Wakiwa chini ya 6, wawili wakikosa bando basi kikundi kizima kimelala.

Usiwahamishe wote 180. Tangaza kanisani na kwenye kundi kwamba anayetaka kusoma Neno pamoja na wenzake ajiandikishe ndani ya wiki mbili, kwa hiari yake. Wakijitokeza 60 una vikundi sita vya watu kumi, na kila kikundi kina viongozi wawili ndani ya hao kumi. Hao viongozi 12 nao wawe na kikundi chao pamoja na mchungaji au mwinjilisti, na waanze wiki nne kabla ya wengine, wakisoma masomo yale yale watakayoongoza. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Kiongozi ambaye hajawahi kukaa ndani ya kikundi kizuri hujua namna moja tu ya kuongoza: kuhubiri.

Mgawanye kwa umri na kwa saa. Wa miaka 15 hadi 17 wawe peke yao. Kwa waliobaki, uliza wana nafasi saa ngapi: wa bodaboda jioni ndiyo saa yake ya hela, wa saluni Jumamosi hashiki simu, wa chuo anapotea kabisa wiki za mitihani. Ukiwaweka kikundi kimoja, kila mmoja atakuta mazungumzo yamekwisha kupita.

Kwenye simu, tumia sehemu ya Jumuiya iliyomo ndani ya WhatsApp. Ukifungua Jumuiya inakuja na kundi la matangazo ambalo maadmini peke yao ndio wanaoandika. Ratiba, mabadiliko ya ibada na habari za kongamano zikae huko. Vikundi vidogo viunganishwe chini yake. Washa kipengele cha admini kuidhinisha wanachama wapya, linki ya mwaliko isibandikwe Facebook wala kwenye stetasi, na ukishamaliza kuingiza watu ibadilishe ili ile ya zamani isifanye kazi. Kwenye kundi la matangazo wanachama hawaoni namba za wenzao wasiowajua, lakini kwenye kikundi kidogo zinaonekana. Mwambie kila mtu hilo kabla hajaingia, hasa mabinti.

Kundi la zamani usilifute. Libadilishe jina, libaki la salamu, biashara na harusi. Kadi za michango lazima zipate pa kukaa. Ukizinyima nyumba zitahamia kwenye kikundi cha Neno.

---

Mwalimu_wa_Kipaimara

Niseme upande wa masomo.

Neno la asubuhi la kila siku liacheni. Kijana anapokea mistari mitatu kutoka vitabu vitatu kabla hajapiga mswaki, na saa 4 hakumbuki hata mmoja. Chagueni kitabu kimoja cha Biblia, mkae nacho mpaka kiishe.

Anzeni na Waraka kwa Wafilipi: sura 4, wiki 4. Ni muda wa kutosha kujua nani yupo kweli, na ni mfupi kiasi kwamba hata anayesuasua anafika mwisho. Kijana aliyemaliza kitabu kizima, hata kidogo, ana hamu ya kushika kingine. Baada ya hapo Marko, sura 16, mbili kwa wiki, wiki 8. Kisha wiki moja ya kupumzika. Msianze na Mwanzo kwa nia ya kumaliza Biblia ndani ya mwaka. Hizo ni sura 1,189, yaani zaidi ya tatu kila siku, na safari nyingi za namna hiyo hukwama Walawi. Agano Jipya peke yake lina sura 260. Kwa sura 5 za wiki linaisha katika wiki 52, lakini hiyo iwe kazi ya mwaka wa pili.

Wiki iwe na mambo matatu tu. Jumatatu saa 1 jioni kiongozi anatuma sauti ya dakika mbili: sura gani, nani anamwandikia nani, jambo gani la kuangalia. Asihubiri. Jumatano linatumwa swali, moja. Ijumaa ni maombi, na utaratibu wake uwe hivi: kabla hujaandika ombi lako, unamwombea kwa sentensi moja aliyeandika kabla yako. Bila utaratibu huo mnapata orodha ya maombi kumi ambayo hakuna aliyeyaomba. Jumamosi na Jumapili kikundi kinyamaze, watu waende ibadani.

Sasa swali lenyewe, maana hapa ndipo vikundi vinapofia. Chukua Marko 2:1–12, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne akateremshwa kupitia darini. Kiongozi asiyejiandaa anauliza: "Tunajifunza nini hapa?" Anajibiwa: "Tuwe na imani. Amina." Swali hilo unaweza kulijibu bila kufungua Biblia, na ndiyo kasoro yake. Uliza hivi: "Soma aya ya 5. Yesu aliiona imani ya nani?" Hapo kijana lazima asome, na atakuta imeandikwa imani "yao". Yao akina nani? Wale wanne peke yao, au na mgonjwa yumo? Watabishana, tena kwa kunukuu aya, na hilo ndilo mnalolitafuta. Ijumaa maombi yanafunguliwa na swali lililozaliwa humo: nani wiki hii hawezi kutembea mwenyewe, na sisi tutashika pembe ipi ya godoro lake? Mmoja atasema ada, mwingine atasema kumpeleka mgonjwa hospitali.

Kwa somo hilo hilo, sauti ya Jumatatu ieleze paa. Nyumba za Galilaya zilikuwa na paa tambarare la miti, matete na udongo, na ngazi ya kupandia kwa nje. Kijana anayewaza bati na kenchi hataelewa walitoboaje. Dakika mbili za maelezo ya namna hiyo zina faida kuliko mahubiri ya dakika kumi.

Tafsiri: Union Version, iliyotoka 1952, ndiyo inayosomwa madhabahuni na ndiyo vijana waliyokariri. Ila baadhi ya maneno yake yamewapita kando. Wekeni Habari Njema pembeni. Sentensi zake ni fupi, na kulinganisha mbili kunazaa maswali. Kiongozi ataje sura na aya, asibandike picha ya maandishi. Ukimbandikia, hafungui Biblia yake.

Jiandaeni mapema kwa sehemu tatu za Marko. Sura ya 5, pepo na nguruwe, italeta habari zote za mapepo ya mtaani. Sura ya 13 italeta tarehe za mwisho wa dunia. Na 16:9–20, pale penye kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha, kuna atakayeuliza kama ni amri. Viongozi wajue kwamba aya hizo hazimo katika Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikano, nakala za karne ya 4, ndiyo maana Biblia nyingi za leo huziwekea mabano au maelezo. Mchungaji arekodi sauti ya dakika tatu juu ya hilo, ikae tayari kabla ya wiki ya 8. Kijana akiligundua mwenyewe mtandaoni, atadhani mlimficha.

---

Ustawi_na_Watoto

Mlezi, umeuliza juu ya walio chini ya miaka 18. Tafadhali usiliache liwe la mwisho kwenye mpango wenu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo kikundi cha 15 hadi 17 kinahitaji idhini ya mzazi kwa maandishi, karatasi nusu inatosha: jina la kikundi, majina ya viongozi wawili, siku na saa za mazungumzo, namba ya mchungaji. Viongozi wawe wawili watu wazima, mwanamume na mwanamke. Hakuna kiongozi anayechati na mtoto faragha. Mtoto akimfuata kiongozi inbox, kiongozi anajibu kwa kumwingiza yule kiongozi wa pili, na anamweleza mtoto kwa nini. Baada ya saa 3 usiku hakuna ujumbe kwa watoto. Kiongozi akiona masharti haya yanamdhalilisha, huyo asipewe kikundi cha watoto.

Toba za siri zisifanyike kwenye kikundi. Kijana akianza kuandika habari za mimba, madawa au yaliyomkuta nyumbani, kiongozi aandike haraka: "Asante kwa kutuamini, tunakupigia sasa hivi." Kisha ampigie. Skrinshoti moja ikitoka, inamfuata mtoto mpaka shuleni. Vivyo hivyo kwa maombi: mtu aombe kwa ajili yake mwenyewe. Ugonjwa wa mwingine usitajwe kwa jina bila ruhusa yake, hata kama nia ni njema.

Na usimwahidi mtoto siri. Mwambie: "Sitalisambaza, ila kama uko hatarini nitamwambia mtu anayeweza kukusaidia." Akieleza ukatili, msilipeleke kwanza kwenye kikao cha wazee kusuluhisha. Linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hata kama anayetajwa ni mtumishi wa kanisa, na hasa kama ni mtumishi wa kanisa. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, inapigwa bure; ibandikwe kwenye maelezo ya kila kikundi.

Mtu wa umri wowote akiandika kwamba amechoka kuishi: kiongozi mmoja ampigie papo hapo, asichati. Amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa mlango wa kusema. Amuulize yuko wapi, yuko na nani, na kama kuna sumu, dawa au kitu kingine cha kujidhuru karibu naye. Asikate simu mpaka mtu afike. Kiongozi wa pili wakati huo huo amtafute mzazi, jirani au mwenzake wa chumba, na wampeleke hospitali. Kwenye kikundi aandike mstari mmoja tu: "Tumeongea naye, yuko na mtu." Mahubiri kwamba kujiua ni dhambi hayatakiwi saa hiyo. Yanamfunga mdomo.

Mwisho, orodha ya majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na habari za watoto vile vile. Daftari la majina, namba na shule likae na mtu mmoja anayejulikana. Lisiwe faili lenye linki inayozunguka.

---

Mitambo

Mimi naongeza ya bando, simu na usalama wa akaunti.

Jambo la kwanza kila kijana alifanye siku anapoingia: aende kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, azime upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Wengi hudhani kikundi ndicho kinachokula bando, kumbe ni video za makundi mengine zinazojishusha. Sauti ya dakika mbili haifiki hata MB 1. Video ya dakika hizo hizo ni mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo video zisitumike kwenye kikundi cha Neno.

Wenye vitochi: SMS moja inabeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Kiongozi aandike swali la Jumatano liingie humo, na litumwe kwenye kikundi na kwa SMS likiwa lile lile. Majibu yao yanakuja kwa SMS, kiongozi anayaandika kikundini akitaja jina la aliyejibu, na wao anawarudishia jibu moja au mawili ya wenzao. Msiwe na zaidi ya wawili wa namna hiyo kwa kikundi, la sivyo kiongozi atachoka.

Wa bweni hawana simu, na shule hairuhusu. Msiwahesabu kwenye kikundi wakati wa muhula. Wapeni karatasi ya A4 siku wanapofungua shule, upande mmoja ratiba ya sura, upande wa pili maswali yale yale ya Jumatano. Wanaporudi likizo wanakuta hawajaachwa nyuma.

Wa Dubai: simu za sauti za WhatsApp kule zinazuiwa, lakini maandishi na sauti zilizorekodiwa zinapita. Wako saa moja mbele yetu. Kwenye kikao cha simu wao watume maandishi au sauti zao mchana, yasomwe au zichezwe kikao kinapoanza.

Kikao hicho kiwe mara moja kwa mwezi. Simu ya kundi ya WhatsApp inabeba watu 32, kikundi cha kumi kinaenea bila shida. Mkitaka vikundi vyote pamoja, Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, na kwa kweli dakika 40 zinatosha: 5 za kuingia na kusalimiana, 5 za kusoma sura, 20 za mazungumzo, 10 za maombi. Kwa kikundi cha watu kumi, hizo 20 ni dakika mbili kwa kila mtu, na kiongozi aite majina kwa zamu. Mkisema "mwenye neno aongee", wataongea wale wale wawili. Maiki zizimwe isipokuwa ya anayeongea, maana redio ya jirani moja inaharibu kikao kizima.

Wizi wa akaunti ndio unaoua makundi ya kanisa. Unaanza hivi: namba ya mtu unayemfahamu inakuandikia, "Samahani, nimekutumia tarakimu sita kimakosa, naomba unirudishie." Hizo ni tarakimu za kufungulia akaunti yako. Ukizituma, dakika tano baadaye mwizi anaomba fedha kwa jina lako kwenye vikundi vyako vyote. Kila kiongozi awashe uthibitishaji wa hatua mbili, akaweka PIN yake, na kila kikundi kiwe na maadmini wawili ili mmoja akiibiwa mwenzake amtoe haraka.

Na fedha: kikundi cha Neno kisichangishe hata shilingi. Mwenye shida anasaidiwa kupitia usharika, kwa namba ya malipo ya usharika iliyotangazwa kanisani, na mtoaji aangalie jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Kanuni hii ikiwa wazi toka mwanzo, siku mwizi akija na "mchungaji amelazwa, tuma kwa namba hii", kila mtu anajua hiyo si sauti ya nyumbani.

---

Mlezi_Vijana

Mungu awabariki sana. Nimeandika yote. Yamebaki mawili yanayonisumbua.

Kwanza, ule moto wa mwanzo. Vikundi hivi huchangamka wiki mbili, ya tatu au ya nne kimya. Tufanye nini wakati huo?

Pili, baadhi ya vijana wetu wanafuata manabii wa mtandaoni. Wanaleta klipu, wanasema ubatizo wetu wa utotoni si ubatizo, mazungumzo yanageuka ugomvi.

---

Mjoli

Kimya cha wiki ya tatu kitakuja, msishtuke. Kinachokiua kikundi ni kiongozi anapoandika, "Mbona hamjibu? Mmepoa?" Aliyetaka kurudi anaona haya, anajitoa.

Kazi ya kiongozi iwe kupiga simu mbili kwa wiki, dakika tano kila moja. Viongozi wawili, watu wanane: ndani ya wiki mbili kila mmoja amepigiwa. Asianze na "hujasoma". Amuulize yuko wapi, kazi au masomo yanaendaje, Jumapili anasali wapi. Hilo la mwisho lina uzito kwa walio vyuoni. Kama hana pa kusali, mwunganishe na umoja wa wanafunzi Wakristo, kama UKWATA, CASFETA au TAFES, pale chuoni, na usitosheke mpaka umepata jina la mtu mmoja atakayekwenda kumchukua mlangoni kwake Jumapili ya kwanza. Kikundi cha simu hakimpi Meza ya Bwana, wala hakimwoni akiumwa hosteli.

Kiongozi awe na daftari dogo: majina kumi, kila wiki anatia alama kwa aliyejibu hata mara moja, iwe kwa maandishi, sauti au SMS. Wingi wa jumbe usiwadanganye. Jumbe 80 zinaweza kuwa za watu watatu. Wakishuka chini ya watano kwa wiki mbili mfululizo, pigeni kura ndani ya kikundi: saa ibadilishwe, au sura ipunguzwe? Mara nyingi ni saa. Wakibaki hivyo hata baada ya hapo, unganisheni na kikundi kingine mwanzoni mwa kitabu kipya, katikati ya kitabu msiguse.

Anayetaka kutoka atoke kwa amani. Mpigie mara moja, mwombee, mwachie mlango wazi. Kumrudisha kwa nguvu ni kumfundisha kulizima kundi milele.

---

Mwalimu_wa_Kipaimara

Kuhusu klipu, wekeni kanuni moja: kila klipu ije na sura yake. Anayeileta ataje andiko ambalo mhubiri amelisimamia, na kikundi kisome sura yote, si aya moja. Klipu isiyo na andiko haiingii. Kanuni hii haimtukani mtu, na inawafundisha vijana kazi watakayoihitaji maisha yao yote.

Mkishasoma, ulizeni mambo mawili: huyu anamtaka msikilizaji afanye nini, na nani anamwajibisha akikosea? Klipu ikiishia kwenye namba ya kutumia fedha ili upate mafuta au maji, lisemwe wazi mbele ya vijana kwamba neema haiuzwi. Petro alimjibu Simoni hivyo Samaria, Matendo 8:18–24. Hapo msilegeze lugha kwa kuogopa kuonekana mnashambulia watumishi. Kuna vijana wanatoa hela ya ada.

Ubatizo ni jambo jingine. Hapo wako Wakristo waaminifu pande zote mbili, kwa hiyo msilijibu kwa maandishi. Maandishi hayana sura ya mtu, na kila neno linasomeka kwa ukali. Mwambieni kijana: "Swali lako ni zuri, mchungaji atalichukua kwenye kikao cha mwezi huu." Kisha mchungaji alichukue kweli, tarehe itajwe. Aanze na sehemu ya ubatizo katika Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529, ambayo hao vijana waliikariri kwa ajili ya mtihani wa kipaimara na wengi hawajaifungua tangu siku ile. Waulizwe wanaelewa nini sasa, wakiwa na miaka 22, juu ya yale waliyoyakariri wakiwa na 14. Mara nyingi kinachomhangaisha kijana ni kwamba ubatizo wake hauna maana kwake leo, na hilo lina majibu mazuri kuliko kubishana juu ya kiasi cha maji.

---

Mlezi_Vijana

Nimeelewa, mwalimu. Jumatatu naanza na viongozi 12, Wafilipi 1. Naomba nione swali moja la Jumatano kwa sura hiyo ili nijue kama nimeshika.

---

Mwalimu_wa_Kipaimara

"Soma Wafilipi 1:12-14. Paulo yuko kifungoni. Nani waliongezewa ujasiri kwa sababu ya vifungo vyake, na ujasiri wa kufanya nini?"

Linaingia kwenye SMS moja. La Wafilipi 2 liandike wewe, ulilete hapa kabla ya Jumatatu inayofuata tuliangalie.